Mchicha Auchambue Mwenyewe: Smuthi na Watoto Wadogo Jikoni

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa chekechea, Temeke, Dar es Salaam. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wazazi, walezi, walimu wetu wa chekechea, na nyinyi akina dada mnaobaki na watoto wakati sisi wengine bado tumekwama kwenye foleni ya Mbagala: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote niliowaacha, hamjambo? Asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi kwa kuja na watoto. Hao wanaokimbizana huko nyuma msiwanyamazishe. Shughuli ya leo ni yao.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Juisi tunaikamua, tunaichuja, makapi tunayatupa. Smuthi tunasaga tunda na nyama yake yote, nyuzinyuzi zikiwemo, tunainywa ikiwa nzito. Kwa hiyo mwenye chujio mkononi anatengeneza juisi, hata kama ameiita smuthi. Chujio tutalihitaji kwa matunda machache tu, nitayataja.

Sasa nawauliza swali, mnijibu kwa kunyoosha mikono. Ni nani hapa amewahi kumficha mtoto mboga ndani ya kinywaji? Naona mikono mingi. Ishusheni, na tuingie pamoja katika nyumba moja ya Tandika. Mama ana mtoto wa miaka minne asiyetaka kuona jani lolote kwenye sahani. Mama anasikia kwamba mchicha ukisagwa na embe hauonekani. Anasubiri mtoto alale, anasaga, asubuhi anampa kikombe: "Kunywa, ni embe." Mtoto anaangalia. Rangi ya chungwa ya embe ikichanganyika na kijani inatoa rangi ya tope, na mtoto wa miaka minne anaijua tope vizuri kuliko sisi. Anaonja, anagundua kuna kitu, anatema. Mama amepoteza nini hapo? Kikombe kimoja cha smuthi, ndiyo. Lakini amepoteza na embe, kwa sababu kuanzia siku hiyo mtoto akiambiwa "ni embe" hataamini.

Nyumba ya pili, uani palepale, bibi amekaa kwenye mkeka na fungu la mchicha. Mjukuu anakuja kumsumbua. Bibi hamfukuzi, anampa mabua matano: "Nisaidie kuchambua." Mtoto anavuta majani, anayapanga, anayanusa, moja linaingia mdomoni, analitema. Bibi hasemi kitu. Kesho tena. Keshokutwa tena. Baada ya siku kadhaa majani yale yanaingia kwenye blenda mbele ya macho yake, na anayeyatia ni yeye. Kikombe kinapotoka kijani, hashtuki. Kijani hicho kakitia yeye.

Mnaiona tofauti? Kukataa chakula kigeni ni jambo la kawaida kabisa kwa mtoto wa kati ya miaka 2 na 6. Si utundu, si deko. Mara nyingi mtoto huyo anahitaji kukutana na chakula kipya mara 8, mara 10, hata mara 15 kabla ya kukikubali, na kukutana huko si kula peke yake. Kukiosha ni kukutana nacho. Kukinusa na kukirarua ni kukutana nacho. Ndiyo maana nasema, na nitalirudia: mkono wa mtoto uwemo. Usimfiche mboga. Mpe mboga mkononi.

Lakini mkono wa mtoto uwemo wapi, na ufanye nini? Hapa tusiende haraka, maana ndipo wengi tunaposhindwa. Tunampa kazi kubwa kuliko vidole vyake, anamwaga, tunagomba, na mchezo unaishia hapo.

Mwenye mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili anaosha. Beseni la plastiki, maji ya vidole vitatu kwenda juu, maembe mawili, ayasugue. Atalowana nguo. Mwacheni alowane, joto la Dar litamkausha. Baada ya yeye kumaliza, wewe suuza tena kwa maji yanayotiririka. Anamenya ndizi pia, ila kikonyo hawezi kukivunja. Mwanzie kwa kukata ncha na kufungua ganda kidogo, amalizie. Usipomwanzia ataiminya mpaka itokee ubavuni.

Wa miaka mitatu anachambua mchicha: mkono mmoja unashika bua, mwingine unavuta jani. Anachota parachichi kwa kijiko, kokwa ukiwa umelitoa wewe. Anamimina maji, lakini usimpe jagi. Pima maji kwenye kikombe kidogo, ayamimine hayo kwenye blenda. Jagi ni zito, na mtoto wa umri huo hajui kulisimamisha likishaanza kuinama.

Wa miaka minne na mitano anakata. Ndizi, papai, parachichi, kwa kisu cha kupakia siagi, kisicho na makali. Siri iko kwenye umbo: kitu cha mviringo kinateleza. Pasua ndizi kwa urefu, ilaze upande uliopasuliwa, ndipo umpe. Tandika kitambaa kibichi chini ya kibao kisitembee. Anaweza pia kukamua ndimu, lakini kagua kwanza kama ana mchubuko vidoleni, na akimaliza anawe kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaweza kutoka malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Wazazi wengi huyaona hayo mabaka wasijue yametoka wapi.

Wa miaka sita anapima, anahesabu, na anabonyeza kitufe, mkono wa mtu mzima ukiwa juu ya mfuniko.

Na kuna kazi ambazo si za mtoto wa umri wowote kati ya hawa: kumenya nanasi, kukata embe kuzunguka kokwa, kuepua maji ya moto, kuchomeka soketi, na kugusa visu vya blenda. Visu vya blenda osha wewe, na kabla hujavigusa chomoa waya. Kuzima peke yake hakutoshi. Mikono ya jikoni imelowa, na kitufe kiko palepale mtoto anapofikia.

Jambo moja zaidi kuhusu blenda na wadogo: mlio. Wapo watoto wanaokimbia jikoni wasirudi kwa sababu ya mlio tu, na mama anadhani wamekataa matunda. Waambie kabla hujawasha. Wazibe masikio, na wahesabu wote kwa sauti mpaka thelathini. Sekunde thelathini ndizo utakazohitaji kwa mchanganyiko mwingi wa matunda laini. Wakimaliza kuhesabu, umezima.

Ndugu zangu, la pili ni maji. Chukulieni sherehe ya mahafali ya chekechea, mtaa wowote wa jiji hili. Walimu wamenunua maembe safi, ndizi safi, wameosha kila kitu. Watoto wamepanga foleni na vikombe vyao. Saa sita mchana, joto kali, mtu anasema, "Haijapoa, aende mtu akalete barafu." Barafu inakuja kwenye mfuko kutoka dukani kwa jirani. Imegandishwa kwa maji gani? Hakuna anayejua. Inaingia kwenye blenda, inagawiwa kwa watoto arobaini. Siku ya pili nusu ya darasa wanaharisha, na lawama inaangukia maembe.

Kugandisha hakuui vijidudu. Maji machafu yakiganda ni barafu chafu. Wengi wenu mnakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanzia hapa Dar es Salaam Agosti 2015, kwa hiyo sina haja ya kueleza zaidi. Maji ya smuthi yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, yahifadhiwe kwenye ndoo yenye koki au chombo chenye mdomo mwembamba. Ukichota kwa kikombe, mkono unaingia kwenye maji, na ulichochemsha umekichafua. Maji hayohayo ndiyo yagandishwe kuwa barafu. Na kwa kweli barafu si ya lazima sana. Menya ndizi mbivu, ikate vipande, igandishe usiku kucha, kesho itakupa ubaridi na uzito bila kuongeza maji. Blenda nyingi za nyumbani hazipendi barafu ngumu. Ndizi iliyoganda zinaimudu.

Osha na tunda unalolimenya. Naliona swali usoni mwenu: kwa nini nioshe tikiti ambalo ganda lake natupa? Kwa sababu kisu kinapita kwenye ganda ndipo kiingie kwenye nyama, na uchafu wa nje kinaingia nao. Embe, papai, tikiti, nanasi, vyote visuguliwe kwa maji yanayotiririka kabla ya kisu. Matunda yaliyokwisha katwa ya barabarani, hata kama yamefunikwa vizuri, msiyatie kwenye smuthi ya watoto. Nunueni tunda zima.

Sasa mboga za majani. Jiji letu linalima mchicha wake mwingi mabondeni, na sehemu ya mabonde hayo iko kando ya Mto Msimbazi, mto unaopokea maji taka ya viwanda na ya makazi. Nalisema hili bila kumlaumu mkulima, anatafuta riziki kwa maji yaliyopo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini mazito kama risasi hayaondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo muulizeni anayewauzia mboga zimetoka wapi. Mwenye uwanja hata wa hatua nne, au viroba vitatu vya udongo barazani, apande wake. Mchicha huwa tayari kuvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na mtoto atamwagilia kila siku bila kukumbushwa.

Mchicha wa smuthi hatuusagi mbichi. Osha mara tatu, kila mara kwa maji mapya, mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Chovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, utoe, utie kwenye maji baridi yaliyochemshwa, ukamue, na maji uliyochovyea umwage. Hiyo dakika moja inafanya kazi mbili: inaua vijidudu, na inapunguza ile asidi ya kwenye majani inayoshika kalsiamu na madini ya chuma isiache mwili uyachukue. Mnapoteza vitamini C kidogo, lakini tunda mtakaloongeza litairudisha.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kijani si kijani tu. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Kisamvu hutwangwa, kikachemshwa kwa muda mrefu, ndipo kikaliwa. Kisiingie kwenye blenda kikiwa kibichi hata jani moja, hata kwa mtu mzima, seuze mtoto. Matembele nayo yabaki chunguni. Kwa smuthi, mchicha unatutosha.

Tuje kwenye kikombe chenyewe, kinaingia nini. Nataka tuanze na mwalimu mmoja mwenye nia njema kabisa. Usiku anasaga nanasi na maziwa, anaweka kwenye friji, asubuhi apeleke shuleni. Asubuhi kinywaji kimekatika, maji chini, mabonge juu, na ni kichungu. Anadhani maziwa yalikuwa mabovu. Maziwa yalikuwa mazima. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vichungu. Papai linacho cha namna hiyo pia. Asidi ya nanasi nayo inayagandisha maziwa. Hakuna sumu hapo, lakini hakuna mtoto atakayekinywa. Dawa ni rahisi: nanasi lisagwe kwa maji au maji ya dafu. Ukitaka papai na maziwa, sagia na kunywa palepale, usiweke.

Na sasa vipimo. Kila kimoja kinatoa vikombe vinne au vitano vidogo, yaani watoto wanne au watano.

Cha rangi ya chungwa: embe dodo moja kubwa, nyama yake gramu 300 hivi. Karoti moja ya wastani, ikatwe vipande vidogo, ichemshwe dakika kumi mpaka uma upenye, ipoe. Mtindi usio na sukari mililita 200. Maji mililita 100. Kwa nini karoti ichemshwe? Kwanza, blenda ya kawaida haiwezi kuilainisha mbichi, inabaki chengachenga, na chenga ngumu zinaweza kumpalia mtoto. Pili, ikiiva mwili unapata zaidi kile kinachogeuka kuwa vitamini A. Na mafuta kidogo yaliyomo kwenye mtindi yanasaidia kukifyonza, kwa hiyo usitumie mtindi uliotolewa mafuta. Msimu wa embe ukiisha, weka boga lililoiva au kiazi lishe mahali pa karoti, na papai mahali pa embe. Rangi itabaki ileile, na mtoto rangi ndiyo anayoiangalia kwanza. Ila ikiwa na papai, inywewe mara moja kwa sababu ya mtindi.

Cha kijani: nanasi lililomenywa gramu 200, ndizi kisukari mbili zilizoganda, mchicha uliochovywa na kukamuliwa kiasi cha vijiko viwili vya chakula, ndimu nusu, maji mililita 200. Siku ya kwanza anzeni na kijiko kimoja cha mchicha. Hiki kinywewe papo hapo, maana asidi ya nanasi na ndimu hugeuza kijani kuwa rangi ya zeituni kadiri kinavyokaa. Na msiweke tikiti, embe wala bitiruti humu. Kijani na nyekundu au chungwa zinarudi kwenye ile tope ya Tandika.

Cha tatu, cha mtoto mwembamba anayehitaji nguvu: parachichi nusu, ndizi mbivu mbili, maziwa yaliyochemshwa na kupoa mililita 250, unga wa ubuyu kijiko kimoja cha chakula. Uchachu wa ubuyu unakata uzito wa parachichi, na vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mlo, kwa hiyo mpe pamoja na maharage au mboga za mchana. Ubuyu uutie mwishoni, usage sekunde tano tu, ukiutia mapema maziwa yanakatika. Na ni unga mweupe wa ubuyu ninaousema, si ubuyu wa rangi na sukari wa kwenye pakiti.

Ukitumia bitiruti, ichemshe kwanza, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha vikombe vinne. Na mwambie kila anayemlea mtoto huyo, shuleni na nyumbani, kwamba kesho mkojo au choo vinaweza kuwa vyekundu. Wazazi wamewahi kukimbilia zahanati usiku kwa ajili ya bitiruti ya mchana.

Mapera na pasheni ndiyo yale matunda ya chujio. Mbegu za mapera zikisagwa zinaacha mchanga mdomoni. Pasheni, bonyeza kitufe mara mbili tatu tu kwa kugusagusa, mbegu zikiachana na nyama uchuje. Ukizisaga muda mrefu, uchungu unatoka. Chungwa limenywe mpaka ule weupe wote uishe na kokwa zote zitolewe, ndimo uchungu ulimo. Stafeli na topetope, kokwa zitolewe moja baada ya nyingine kwa mkono wa mtu mzima, zihesabiwe ikibidi. Zina sumu. Mtoto akimeza nzima kwa bahati mbaya mara nyingi hupita zilivyo, lakini blenda inazipasua, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Sukari je? Msiweke. Hebu tupige hesabu. Embe lile la gramu 300 lina sukari yake lenyewe karibu gramu 40, yaani vijiko kumi vya chai. Mkiligawa kwa watoto watano, kila mmoja amepata vijiko viwili. Akinywa mmoja peke yake kikombe kikubwa, amekunywa vyote kumi kwa dakika mbili, wakati embe zima la kutafuna asingelimaliza. Mtoto aliyezoea utamu, tumia ndizi iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi, au tende moja iliyotolewa kokwa na kulowekwa nusu saa. Asali ni marufuku kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, iwe mbichi, iwe imechemshwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuwazuia, na sumu yao hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Kwa hiyo kikombe kiwe kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mililita 120 kwa siku. Wa minne hadi sita, 120 hadi 150. Kikombe cha kahawa mara mbili, hapo umefika. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Miezi sita hadi mwaka, matunda yapondwe yawe mazito, alishwe kwa kijiko, asinywe. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate matunda na mboga angalau gramu 250 kwa siku, na smuthi isibebe zote hizo. Meno yanahitaji kutafuna, taya linahitaji kutafuna. Mpe kipande cha papai, mpe ndizi. Smuthi anywe pamoja na mlo, kwa kikombe, aimalize, asuuze mdomo kwa maji. Isiingie kabisa kwenye chupa ya chuchu ya kutembea nayo mchana kutwa, maana hapo meno yanaoga sukari saa zote.

Na mtoto anayeharisha, smuthi si tiba yake. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, apelekwe kituo cha afya.

Blenda sasa, kwa ufupi. Maji kwanza, laini zifuate, ngumu na zilizoganda juu kabisa. Ukianza na ngumu, visu vinazungukia hewani, mota inalia, harufu ya kuungua inakuja. Jaza theluthi mbili, usizidishe. Ikigoma, zima, koroga kwa mwiko, ongeza maji vijiko viwili, washa tena. Usiendeshe zaidi ya dakika moja mfululizo, ipumzike. Kitu cha moto usisagie kabisa, mvuke unarusha mfuniko, na sura ya mtoto iko karibu na meza kuliko yako. Ukisaga muda mrefu unaingiza hewa, unapata povu tupu juu na maji chini. Na kila ukiosha, toa ule mpira wa chini ya visu. Humo ndimo uji wa juzi unapojificha na kunuka. Wengi wamemiliki blenda miaka mitatu bila kujua mpira ule unatoka.

Nani hapa hana blenda? Msione haya, na Luku huisha hata kwa wenye nazo. Ndizi na parachichi zinapondwa kwa uma kwenye bakuli mpaka zilainike, unaongeza maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa upekecho. Papai na embe bivu mtoto anazisugua kwenye chekeche kwa mgongo wa kijiko. Inachukua dakika kumi, na kwa maoni yangu mtoto wa miaka mitatu anafaidi zaidi hapa kuliko kwenye blenda, kwa sababu kazi yote ni yake, na hakuna mlio.

Kuhifadhi. Smuthi iliyokaa nje ya friji ikizidi saa mbili imwagwe, na miezi ile ya Desemba hadi Machi joto likipita nyuzi 32, hesabuni saa moja. Kwa hiyo msiwafungie watoto smuthi kwenye begi la shule. Ndani ya friji isipite siku moja. Embe likiwa jingi, Novemba hadi Januari, nenda soko la Temeke Sterio au la Ilala ukanunue, kata, gandisha kwenye mifuko ya gramu 200, ilaze mifuko bapa ili igande upesi. Umeme ukikatika, usifungue friza. Ukirudi, vipande ambavyo bado vina barafu ndani tumia siku hiyohiyo. Vilivyolegea na kupata joto, tupa. Inauma kutupa embe, najua. Tupa.

Haya, wazazi. Nyuma yenu kuna meza tatu. Ya kushoto ina embe na karoti iliyokwisha chemshwa, ya katikati ina mchicha na nanasi, ya kulia haina umeme, ina uma, mabakuli na chekeche. Ndoo za maji tiririka na sabuni ziko mlangoni. Wenye watoto wa chini ya miaka mitatu anzeni na ya kulia. Mwenye mtoto asiyeweza maziwa au karanga amwambie mwalimu wa meza kabla hajaonja chochote. Visu vyenye makali vinashikwa na watu wazima watatu tu, wale wenye aproni. Mnawisheni mtoto mikono, sekunde ishirini, kati ya vidole na chini ya kucha, kisha mpeni tunda lake.